Galaletsang, Aliyesema Mashairi Akikunja Mashuka

Galaletsang Ruth Seleka, binti wa Basetsana Moatlhodi na marehemu Ishmael Moatlhodi, aliingia duniani kimya. Ilikuwa Taung, nyumbani kwa bibi yake, siku ya Jumatatu tarehe 9 Novemba 1959, saa nne asubuhi. Mama yake alikuwa na miaka kumi na minane na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto alitoka na rangi ya majivu na hakulia. Wanawake walimpiga mgongoni, wakamnyunyizia maji ya kisima, bibi yake akapiga magoti sakafuni na kuanza wimbo wa kanisani. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye ubeti wa tatu mtoto alilia kwa nguvu hata mbuzi waliokuwa uani wakatawanyika. Ndipo bibi yake akamwita Galaletsang, maana yake tukuzeni. Mjomba wake Otsile, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano na alikuwa amesimama nje ya mlango, alisema, "Jina zuri, lakini mtafutieni na kifuniko." Mjomba huyo ndiye anayesoma wasifu huu leo, kwa kuwa siku kama hii mjomba ndiye msemaji.

Galaletsang anazikwa leo Jumatano, tarehe 1 Oktoba 1986, saa mbili asubuhi. Angezikwa Jumamosi kama ilivyo desturi, watu wakiwa hawapo kazini, lakini barua ya hakimu ya kuruhusu mazishi imetaja Jumatano. Barua hiyo imesema pia kwamba waombolezaji wasizidi hamsini, mchungaji mmoja asome Neno, ndugu mmoja asome wasifu, na pasisemwe jambo lolote la serikali, la polisi wala la siasa. Mstari wa mwisho unasema pasisomwe shairi. Kwa hiyo mtu aliyesema mashairi maisha yake yote anashushwa kaburini bila shairi, na wale waliosimama getini wamekuja kuhakikisha. Tunawaomba vijana walio nje ya uzio watulie na warudi nyumbani kwa makundi madogo. Mama yake anawaomba hivyo kwa magoti.

Kifua kilimsumbua tangu akiwa na miaka mitatu. Ni pumu. Vumbi la Agosti lilipoanza kupuliza, alikaa kitandani akiwa ameegemea ukuta, na mama yake alikaa karibu akisikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Mama yake alijifunza kuisikiliza hata akiwa chumba kingine anapika, na hakuwahi kuacha. Mwaka 1962 familia ilihamia Kimberley, kwenye mtaa wa Galeshewe, baba yake alipopata kazi karakana ya reli. Mwaka 1967 alizaliwa mdogo wake, naye akaitwa Mosetsanagape, yaani msichana tena, kwa sababu baba yao alikuwa ameshatangaza kwa wenzake kazini kwamba safari hii ni mvulana. Huyo tunamwita Gape. Baba yao alifariki Mei 1971, na mama yao akaingia kazi za ndani mjini.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Galeshewe kuanzia Januari 1966. Alikuwa mwepesi wa kushika na mzito wa kunyamaza. Alipokuwa na miaka kumi alikuja mkaguzi kutoka mjini, Mzungu mrefu mwenye viatu vya kung'aa, akaomba mtoto mmoja asimame aseme shairi. Watoto walikuwa wamefundishwa shairi la theluji, theluji ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikikaa chini hadi mchana. Galaletsang alisimama, akasema kwa Kitswana:

"Viatu vya bwana mkaguzi, habari za safari? Mmetoka kwenye zulia, mmefika kwenye vumbi. Tuambieni, huko mlikotoka, kila mtoto ana dawati lake?"

Darasa zima lilishika midomo. Mkaguzi akamgeukia mwalimu, akauliza mtoto anasema nini. Mwalimu akajibu, "Anakushukuru kwa kututembelea, bwana." Mkaguzi alifurahi, akampa peremende.

Jioni hiyo mwalimu alikuja nyumbani. Jina lake halitaandikwa, bado anafundisha. Alisema, "Mama Gala, leo nimesema uongo mbele ya watoto arobaini kwa ajili ya binti yako. Mara ya pili sitaweza. Nina watoto wangu."

Mama yake alimkalisha chini. "Nani amekufundisha maneno yale?"

"Viatu vyenyewe, mama. Vilikuwa vinanitazama."

"Usinichekeshe. Nauliza, ni nani?"

"Hakuna mtu. Yanakuja tu, na yasipotoka kifua kinabana."

Mama yake hakumpiga. Alikaa na neno hilo kwa sababu hakujua alifanyeje. Kifua cha mtoto huyu kilikuwa kimemtisha miaka yote, na sasa kilikuwa kimepata kitu kingine cha kumtishia.

Aliacha shule Oktoba 1976, akiwa darasa la kumi, pamoja na wengine wengi. Sababu zake zinajulikana na barua imekataza kuzisema. Mwezi Februari 1978 alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa mjini, na huko alifanya kazi miaka minane na miezi minne bila kuchelewa hata siku moja. Palikuwa na mashuka ya namna mbili. Mashuka ya wodi za Wazungu yalishonwa uzi wa bluu pembeni, ya wodi zetu uzi mwekundu. Ya bluu yalifuliwa Jumatatu na Alhamisi katika mashine zao, na mekundu siku zilizobaki. Hilo si siasa, ni utaratibu wa kazi, na uko ukutani umebandikwa.

Shuka la hospitali haliwezi kukunjwa na mtu mmoja. Linataka wawili. Mmoja anashika pembe mbili na mwenzake pembe mbili, wanalivuta mpaka lilie, wanakunja, kisha wanatembea kukutana katikati, na mmoja anampa mwenzake pembe zake. Wanakunja hivyo mashuka mia tatu kwa siku, na kazi hiyo ndiyo iliyompa Galaletsang namna yake ya kutunga. Tangu hapo shairi lake lilikuwa la watu wawili. Yeye aliuliza wakivuta, mwenzake alijibu wakikutana. Mwenzake wa kukunja alikuwa mama mmoja mtu mzima, mcheshi, ambaye naye jina lake tutaliacha. Mama huyo ndiye aliyetusimulia la kwanza lilivyoanza. Galaletsang alivuta pembe, akamuuliza:

"Nani alilala kwenye shuka hili?"

"Sijui, dada, limeshafuliwa."

"Jasho lake lilikuwa rangi gani?"

"Sijui, dada, maji yamelichukua."

"Na damu yake?"

Mama yule akasema, "Damu ilikuwa nyekundu, dada. Nyekundu kama uzi wetu."

Wakacheka mpaka shuka likaanguka sakafuni na kulazimika kufuliwa upya. Kufikia mwisho wa wiki chumba chote kilikuwa kinauliza na kujibu, jozi saba za wanawake, na mvuke ukipanda. Msimamizi wao, bibi wa Kizungu, alidhani ni nyimbo za kanisani. Alimwambia daktari mmoja kwamba wasichana wake wanapenda dini na mashuka yanaisha mapema.

Galaletsang kila alipofika nyumbani aliyaandika mashairi hayo katika madaftari ya shule. Alimaliza matatu. Mama yake, aliyeishia darasa la tatu, alikuwa akiyaona mezani na kuyafunika na kitambaa kila mtu alipobisha hodi.

Tarehe 15 Desemba 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Mothusi Seleka, ambaye anafanya kazi machimboni Postmasburg na anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa kuwa nyumba hazipatikani, walijengewa chumba cha bati uani kwa mama yake. Siku ya arusi bibi harusi anatakiwa ainamishe macho, asiongee, mpaka wakwe wamemaliza kumpa mawaidha. Galaletsang aliinamisha macho kwa muda ambao yeye mwenyewe aliuona unatosha. Kisha akasimama na kumwimbia mama mkwe wake sifa:

"Mama wa Mothusi, moshi wa jiko lako nauona kutoka reli! Aliyepita mlangoni kwako na njaa bado hajazaliwa. Ulimlea mwanao kwa maharage na kicheko, nami nimekuja kuchukua vyote viwili!"

Mjomba Otsile alimvuta shela. "Bi harusi, tazama chini!"

"Mjomba, chini nimeshapaona. Kuna vumbi na viatu vyako vya kuazima."

Ua zima lililipuka. Mama yake alimtazama mama mkwe kwa hofu, akidhani ndoa imeishia hapo mbele ya nyama isiyoiva. Mama mkwe alikuwa amejishika mbavu anacheka, machozi yanamtoka, na wigi lake limeteleza mpaka kwenye nyusi. "Mwacheni," alisema, "mwacheni anisifu, mimi mume wangu hajanisifu miaka thelathini." Watu walicheza mpaka jua likazama. Hiyo ndiyo furaha ya Galaletsang, na mama yake anataka ijulikane. Walio getini wanajua hasira yake tu. Alikuwa na furaha nyingi kuliko hasira, na aliitoa bila kupima.

Mwezi Septemba 1985 mtaa wetu ulimzika mvulana wa miaka kumi na saba. Alivyokufa hatutasema. Mama wa mvulana yule alimwendea Galaletsang akamwomba aseme neno, na Galaletsang hakuwa mtu wa kumkatalia mama aliyefiwa. Alipanda juu ya tangi la maji lililopinduliwa na kuuliza, na watu elfu kadhaa wakamjibu. Ilikuwa kama chumba cha kufulia, ila chumba kilikuwa kimefika mpaka kwenye uzio. Watu walilia, kisha wakacheza hukohuko wakilia, vumbi likapanda mpaka mabegani. Mama yake hakucheza. Alikuwa amesimama nyuma kabisa akitazama ukuta wa jirani, ambapo watu wawili wenye miwani walikuwa wanapiga picha.

Walipokuwa wanarudi alimshika mkono kwa nguvu. "Umewaona wale wa ukutani?"

"Nimewaona. Niliwageuzia upande wangu mzuri."

"Gala, mimi sitanii."

"Najua hutanii, mama. Na mimi nimechoka kuogopa kabla ya kula, baada ya kula. Ulisema nilipozaliwa mlimwomba Mungu nilie. Sasa nalia, unaniambia nyamaza?"

Mama yake hakuuachia mkono ule mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alizijua injini za magari yote ya mtaa, akajua lipi ni la muuza makaa, lipi la mchungaji, na lipi si la mtu wa huku. Alimfundisha Gape kupita uani kwa jirani bila kugusa geti. Walizoea kulala na viatu miguuni.

Kuanzia Jumanne tarehe 17 Juni 1986 hadi Ijumaa tarehe 8 Agosti 1986 Galaletsang hakulala nyumbani. Barua haikuturuhusu kusema zaidi ya hapo, kwa hiyo tunataja tu ambayo yalikuwa mikononi mwetu. Aliondoka kazini saa nne asubuhi, shuka likiwa limekunjwa nusu, na mwenzake alibaki ameshika pembe mbili. Koti lake la kazi lilibaki kwenye msumari. Ndani ya mfuko wake ilikuwamo pampu yake ya kuvutia dawa ya pumu. Mama yule aliyekuwa akikunja naye alimletea mama yake pampu hiyo saa saba mchana, ikiwa imefungwa kwenye leso, na mama yake aliibeba kila siku ya kazi hadi kwenye jengo fulani mjini na kuomba ipelekwe ndani. Siku zote alirudi nayo.

Kuna jambo la siku hiyohiyo ya tarehe 17 ambalo mama yake ameomba lisomwe. Alipopewa ile leso alijua nini kinafuata. Hakukaa chini. Alienda kwenye chumba cha bati, akachukua yale madaftari matatu, akayatia kwenye jiko la makaa moja baada ya jingine, na juu yake akateleka makande. Saa tisa walikuja wageni wanne. Walikata godoro, walimwaga unga, walifungua hadi Biblia. Mmoja alifunua sufuria, akaangalia makande, akafunika. Waliondoka mikono mitupu. Basi yeyote ambaye bado anayatafuta madaftari hayo ajue hayapo. Hayako kwa Mothusi, hayako kanisani, na hayako kwa Gape. Gape ana miaka kumi na tisa na hana karatasi hata moja. Yaliteketezwa na mama yake kwa mikono yake, kwa hofu, na kama kuna wa kuulizwa ni yeye.

Galaletsang alirudi akiwa amekonda, na pumzi yake ilikuwa inasikika kutoka barabarani kabla hajafika mlangoni. Aliketi jikoni. Hata chai hakuigusa.

"Mama, madaftari yangu?"

"Niliyachoma."

Gape alitoka nje. Mama yake alingoja maneno makali, kwa sababu aliyastahili.

"Yalipika nini?" Galaletsang aliuliza.

"Makande."

"Yaliiva?"

"Yaliiva vizuri."

"Basi angalau mmekula mashairi," alisema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka midomo yake ikawa na ile rangi ya majivu.

Kilipotulia mama yake alimwomba jambo moja. Alimwomba asiandike tena. Alimwambia hana mtoto wa akiba. Galaletsang alimtazama, akasema, "Sitaandika, mama. Nakuahidi." Na ahadi hiyo aliitimiza. Kuanzia siku ile hadi kufa kwake hakushika kalamu.

Daktari alisema mapafu yameharibika, kwamba homa ya mapafu iliingia mahali penye pumu na haikutibiwa kwa wakati. Alipewa dawa na kuambiwa apumzike. Wageni walikuja kumjulia hali. Walikuja wa kazini, wa kanisani, wengine wa mitaa ya mbali ambao mama yake hakuwajua, mmoja baada ya mwingine, mchana, na kila aliyekuja Galaletsang alimwambia, "Nisaidie kukunja hili blanketi." Yeye aliketi kitandani ameshika pembe mbili, mgeni akasimama na pembe mbili. Walikunja, wakakunjua, wakakunja tena. Mama yake alikuwa jikoni akisikiliza pumzi tu. Alisikia minong'ono na alidhani wanasali. Aliona tu kwamba blanketi za nyumba hii hazijawahi kukunjwa vizuri namna ile, na kwamba Gape naye alikuwa anakunja kila anapotoka shuleni kwenye masomo ya jioni.

Naye mama yake aliitwa. "Njoo, mama, zamu yako. Mimi nitasema langu kimoyomoyo, wewe utasema la kujibu. La kujibu halina ubaya, hata mkaguzi angelipenda."

"Sitaki kulijua lako."

"Ndiyo maana nalisema kimoyomoyo."

Hivyo wakakunja kila asubuhi, mwezi mzima na zaidi. Galaletsang alikuwa anatikisa midomo bila sauti, kisha anainua kidevu, na mama yake anajibu. Mama yake alidhani ni mchezo wa mgonjwa.

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 21 Septemba 1986, saa tano kasorobo asubuhi, watu wakiwa kanisani. Gape alikuwa amefungua dirisha. Mothusi alikuwa njiani kutoka Postmasburg. Mama yake alikuwa jikoni, akasikia pumzi ikiingia, akasimama na mwiko mkononi akisubiri itoke.

Juzi, wanawake wakiwa jikoni wanakata kabichi za leo, mmoja wao alisogea karibu na mama yake. "Mama Gala, hukuona alichokuwa anafanya?"

"Nini?"

"Alikuwa anatugawia. Kila mtu alipewa la kwake, na akakunja naye mpaka likakaa. Mimi nina la mashuka. Huyu ana la viatu."

Mama yake aliweka kisu chini. Kwanza alitazama dirishani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama mangapi, na yule mwanamke akasema hajui, hakuna anayejua, kwa sababu kila mmoja anajua la kwake tu. Mama yake hakuuliza majina ya mashairi, na ya watu hatayaandika popote. Ameogopa kuyasema haya, kisha akaogopa zaidi kwamba asiposema, wale wenye nayo watadhani yaliyobaki yalikufa jikoni kwake. Barua imekataza shairi kusomwa. Haikukataza mtu kuwa nalo.

Marehemu ameacha mume wake Mothusi Seleka, mama yake mzazi Basetsana, mama mkwe wake, mdogo wake Mosetsanagape, mjomba wake Otsile, wenzake wa kufulia ambao leo hawakuruhusiwa kutoka kazini, na watu waliokunja naye. Yeye na Mothusi hawakujaliwa mtoto.

Mama yake anayo nusu ya kujibu. Nusu ya kuuliza hakujifunza, na hata akiulizwa na nani hawezi kuisema. Majibu hayo si shairi, ni maneno ya watu wawili wanaokunja blanketi. Mjomba atayasoma sasa, na kabla ya kila moja atanyamaza kidogo, kwa kuwa anayejibu lazima amsubiri aliyeuliza. Mama yake anawasihi nyote, walio ndani ya uzio na walio nje, msitamke lolote katika ukimya huo. Kama unajua kilichokuwa hapo, kiache kipite kimoyomoyo. Tafadhali. Wewe pia, Gape.

Naam, nasikia.

Nimeshika, vuta.

Hapana, halijachanika.

Tulilifua sisi.

Wawili wanatosha.

Naogopa, lakini nipo.

Njoo karibu.

Karibu zaidi, mwanangu.

Sasa nipe.

Alale Galaletsang, na kifua chake kiwe chepesi.